Mtoki wa Kifuani

Sauti ya Ami ndiyo iliyotangulia kuugua. Kabla ya kikohozi, kabla ya kukonda, sauti ilikuwa imeshaondoka. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, na sisi tulioishi karibu hatukuhitaji saa. Kusi ya mwaka 2021 tukaanza kusikia adhana yenye mikwaruzo, kama redio iliyopotea stesheni. Waumini wakamletea asali. Jirani akaleta tangawizi iliyopondwa kwa ndimu. Mzee mmoja akasema huo ni umri tu, na Ami, aliyekuwa na miaka 66, hakulipenda neno hilo hata kidogo. Wiki nzima alipita kwenye baraza ya mzee yule bila kuketi.

Kikohozi kilifuata miezi miwili baadaye. Ami alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu ujana wake: mageti, matangi ya maji, vyombo vya uvuvi. Sigara alivuta mpaka siku mkewe alipofariki, akaziacha siku hiyo hiyo na hakuzigusa tena. Tangu hapo akawa mgane anayekula kwetu na kulala kwake. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliuweka moshi wa kuchomelea vyuma katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la moshi wa sigara. Sisi hilo hatukulijua. Tulichokijua ni kile anachokijua kila mtu: mtu akikohoa mwezi na zaidi, ni TB.

Zahanati iliyompokea iliwaza vivyo hivyo. Makohozi yalipimwa mara mbili, hayakuonyesha kitu. Eksrei ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kushoto, akaanzishiwa vidonge. Aliyeanzisha simlaumu, au namlaumu kidogo tu, maana TB kwetu ipo, na wako wanaougua kweli bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi. Ninacholaumu ni miezi minne. Miezi minne Ami alikojoa mkojo wa rangi ya chungwa kwa ajili ya dawa, uzani ukishuka, na kila akirudi anaambiwa amalize dozi. Hakuna aliyeuliza sauti imekwenda wapi. Kama una mtu wako anayemeza dawa za TB ambayo haijathibitishwa na kipimo, na miezi miwili inapita anazidi kudhoofika, rudi ukaulize upya, hata ukionekana mjuaji.

Mimi nina duka la fotokopi na kupiga chapa karibu na Mwembe Tayari. Kwa kazi hii karatasi za hospitali hupita mikononi mwangu kila siku: za bima, za rufaa, za watu wanaokwenda India. Miaka kumi na moja nimetoa nakala za maradhi ya watu bila kuyasoma, kwa sababu si adabu. Ya Ami niliisoma. Ilikuwa Machi 2022, ripoti ya siti skeni, kurasa mbili. Niliiweka kwenye kioo cha mashine, nikafunika, nikafunua tena, nikaitoa, nikaketi nayo.

Nilikuwa natafuta namba. Ya kwanza kuiona ilikuwa sentimita 3.8, nikaishika hiyo hiyo. Uvimbe wa sentimita 3.8, sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Nikachukua rula ya dukani, nikapima kwenye karatasi: kama ndimu ndogo. Usiku nikampigia ndugu yangu aliyeko Malindi nikamwambia, si kubwa, ni kama ndimu. Tangu siku hiyo familia nzima ikawa inaishi na ile ndimu. Wageni wakija kumjulia hali, swali lao ni moja: "Kubwa kiasi gani?" Nikijibu, nyuso zinalegea, chai inanyweka.

Chini ya namba hiyo kulikuwa na mistari minne ambayo sikuielewa, nikairuka. Ilitaja namba nyingine: 4R, 5, 7, 10L. Nilidhani ni namba za picha.

Daktari wa kwanza kuisoma ripoti ile, kwenye kliniki ya kulipia, hakujali ndimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mistari minne. Akasema tezi za kifuani zimevimba pande zote mbili, upande wa pafu lenye uvimbe na upande wa pili. Akasema ni steji ya mwisho. Ami alikuwa kimya muda wote. Akauliza kwa ule mnong'ono wake: "Steji ipi, daktari? Ya matatu za Likoni ama za Buxton?"

Daktari hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaenda kulia kwenye ngazi. Tuliandikiwa dawa ya maumivu na ya kikohozi, tukaambiwa tumrudishe nyumbani tumpe anachokipenda. Ni miezi, alisema, bila kutaja mingapi.

Ningependa kuandika kwamba niligoma. Ukweli ni kwamba tulikubali. Siku kumi na mbili nzima tulikuwa tumekubali. Hata suala la nani atafungua mlango wake asubuhi tulishalipanga. Aliyetuvuruga ni shemeji yangu, muuguzi, aliyepiga simu akiwa zamu ya usiku.

"Hizo tezi za upande wa pili," akaniuliza, "nani amezichoma sindano?"

"Hakuna. Zimeonekana kwenye picha."

"Basi mmejuaje kilichomo ndani?"

Ndivyo tulivyojikuta kwenye treni ya Nairobi, mwezi wa nne, Ami dirishani na kofia yake ya vito magotini, akihesabu tembo wa Tsavo ambao hawakutokea.

Daktari wa mapafu tuliyemkuta huko alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, Kiswahili chake kizuri lakini cha vitabuni. Alianza kueleza habari za tezi za limfu, nikaona macho ya Ami yanakwenda ukutani. Naye aliliona hilo. Akasimamisha maneno, akauliza: "Mzee, ulipokuwa mtoto, ukikanyaga kigae cha chupa, mguu ukafanya usaha, palikuwa panavimba wapi pengine?"

Ami akaweka kiganja kinenani. "Mtoki," akasema.

"Mtoki," akarudia yule daktari, akaliandika pembeni ya faili. "Kidonda kiko unyayoni, mtoki uko kinenani. Kinenani hakuna aliyekukata. Kwa nini pavimbe?"

Hapo ndipo mimi, mwenye cheti cha sekondari na duka lenye mashine tatu, nilipoelewa kitu nilichokuwa nacho mwilini tangu kuzaliwa. Mbali na damu, mwili una majimaji mengine yanayotiririka taratibu kutoka kila kiungo kwenda moyoni, na njiani yanapita kwenye vijichujio vidogo kama maharagwe. Hivyo ndivyo vinavyoitwa tezi za limfu. Usaha wa mguuni huchujwa kinenani. Uchafu wa mkononi huchujwa kwapani. Na pafu nalo lina mitoki yake, ila iko ndani, huwezi kuishika kwa mkono: ya kwanza iko pale bomba la hewa linapoingia pafuni, ya pili iko katikati ya kifua, kandokando ya koo la pumzi na kwenye njia panda linapogawanyika, ya mwisho iko juu ya mtulinga, shingoni. Baada ya hapo majimaji humwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu, na damu haina mipaka.

Akachora. Bahasha ya picha za skeni ilikuwa tupu kwa nyuma, akachora koo la pumzi kama herufi Y iliyopinduliwa, akaweka vidoto na namba. Namba zile zile nilizoziruka. Zinaitwa vituo, akasema, na viko kumi na vinne. Ramani iliyoenea kwanza ilichorwa na daktari wa upasuaji wa Japani, Tsuguo Naruke, miaka ya 1970, na hii inayotumika sasa duniani kote ilikubaliwa 2009. 10L ni mlangoni mwa pafu la kushoto. 7 ni chini ya njia panda. 5 ni pembeni ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, mahali unapojikunja. 4R ni upande wa kulia wa koo la pumzi.

"Kumbe ni matatu kweli," Ami akasema.

Bahasha hiyo ninayo mpaka leo. Nimeitolea nakala nyingi mno.

Kituo cha 5 kilitufungulia fumbo la sauti. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto, alitueleza, hauendi moja kwa moja kooni. Hushuka mpaka kifuani, ukapita chini ya ule mkunjo wa mshipa mkuu, ndipo ukapanda tena kurudi kooni. Tezi za hapo zikivimba zinaubana. Kwa hiyo ule mkwaruzo wa alfajiri, asali na tangawizi na ugomvi wa baraza, ulikuwa ni mtoki wa kituo cha 5 ukizungumza. Kikohozi kikavu wengi hukipuuza, lakini sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu kwa mtu aliyewahi kuvuta sigara haistahili asali peke yake.

Sasa niseme kuhusu ile ndimu. Nilimuuliza daktari, kwa nini kila mtu amekazania tezi na hakuna anayejali kwamba uvimbe wenyewe ni mdogo? Alinijibu kwa mfano ambao bado unanikaa. Kwa hesabu iliyokuwa ikitumika wakati huo, toleo la nane la upangaji wa hatua za saratani ya mapafu, uvimbe wa sentimita 6 ambao haujagusa tezi yoyote unahesabiwa hatua ya pili. Uvimbe wa sentimita 2 uliokwishafika kwenye tezi za katikati ya kifua unahesabiwa hatua ya tatu. Mdogo ni mbaya kuliko mkubwa. Ukubwa unaeleza saratani imekua kiasi gani mahali pake. Tezi zinaeleza kama imejifunza kusafiri. Na iliyojifunza kusafiri mara moja, huenda imeshatuma wengine mbele, wadogo mno kuonekana kwenye picha yoyote.

Wenyewe huandika herufi N na namba. N0, hakuna tezi yenye saratani. N1, imefika tezi za ndani ya pafu au za mlangoni mwake. N2, imefika katikati ya kifua, upande ule ule. N3, imevuka upande wa pili au imepanda juu ya mtulinga. Daktari wa kwanza alikuwa ameiona 4R imevimba milimita 14, upande wa kulia, na uvimbe uko kushoto, akahitimisha kimoyomoyo kwamba ni N3. Na hata hapo aliruka ngazi, maana N3 peke yake, bila saratani kutoka nje ya kifua, bado ni hatua ya tatu na si ya nne. Matibabu bado yapo ya kuzungumzwa. Picha za ubongo na tumbo, ambazo hakuziagiza, Nairobi zilitoka safi.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kuiamini picha. Siti skeni hupima unene. Tezi ikipita sentimita moja kwa upande wake mwembamba inaitwa imevimba, basi. Haisemi imevimbishwa na nini. Mtoki wa kinenani nao huvimba, na si saratani. Katika nchi yenye TB nyingi, na kwa mtu aliyevuta moshi wa kuchomelea miaka arubaini, kifua kina sababu chungu nzima za kuwa na tezi nene. Nilipouliza habari za peti skeni, ile inayowasha sehemu zenye saratani, daktari akasema hata hiyo inaweza kuwaka kwa TB. Kinachojua ni sindano.

Ami alilazwa asubuhi, akapewa dawa ya usingizi mwepesi, ukapitishwa mdomoni mrija mwembamba wenye kamera na ultrasaundi nchani. Kwa ultrasaundi wanaiona tezi iliyo nyuma ya ukuta wa koo la pumzi, kisha sindano inatoboa ukuta na kunyonya seli. Hakuna kupasuliwa. Jambo moja lilinipendeza, labda kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanga karatasi: hawaanzi na tezi iliyo karibu na uvimbe. Wanaanza na ya mbali kabisa, ile ambayo ikiwa na saratani itabadilisha hesabu yote, ndipo wanarudi nyuma kuelekea kwenye uvimbe. Wakianza karibu, sindano inaweza kubeba seli za saratani mpaka kwenye tezi safi, na mgonjwa akapewa hatua isiyo yake. Kwa hiyo 4R kwanza, kisha 7, mwisho 10L. Kituo cha 5 hakifikiki kwa njia hiyo. Mshipa mkuu umekaa katikati. Huko sauti ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Majibu yalichukua siku tisa. Tulikaa kwa binamu yetu Eastleigh, Ami akilalamika kwamba Nairobi maji ya kutawadha ni barafu.

4R, ile nene, ile iliyotupeleka nyumbani siku kumi na mbili kupanga mazishi, haikuwa na seli hata moja ya saratani. Ilijaa masizi. Daktari alisema chini ya hadubini ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jikoni la kuni: moshi wa miaka yote ile ya mageti na matangi, uliochujwa na kuwekwa akiba. Na kituo cha 7, ambacho ripoti ilisema kina milimita 8 tu, yaani cha kawaida, ndicho kilichokuwa na saratani. Ya 10L pia. Picha ilikuwa imekosea kotekote. Penye nene palikuwa salama, penye nyembamba ndipo palipokuwa na moto. Aina yake ilikuwa adenokasinoma. Wakapima na jeni kutafuta badiliko la EGFR, ambalo lina vidonge vyake maalumu, hakuwa nalo.

Basi ikawa N2. Nilifurahi, na mtu ambaye hajawahi kuingia katika mambo haya ataniona mwendawazimu: kufurahia saratani iliyofika katikati ya kifua cha mzee wangu.

Hapo ndipo nilipokwenda kuzitafuta hesabu, usiku, dukani, milango imefungwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani ya mapafu, IASLC, lilizikusanya kwa ajili ya lile toleo la nane. Wagonjwa waliopangwa kwa picha na vipimo kabla ya kutibiwa, waliokuwa hai baada ya miaka mitano: N0 asilimia 60, N1 asilimia 37, N2 asilimia 23, N3 asilimia 9. Niliziandika kwa kalamu ya penseli. Halafu kuna safu ya pili, ya waliofanyiwa upasuaji na tezi zao zikatazamwa kwa hadubini: 75, 49, 36, 20. Herufi ni zile zile, hesabu ni nyingine. Sehemu ya tofauti ni kwamba anayeweza kupasuliwa huwa na nguvu zaidi tangu mwanzo. Lakini sehemu nyingine ni ile niliyoiona kwa macho yangu katika kituo cha 7: miongoni mwa wanaoitwa N0 kwa picha, wamo waliokwisha kuvamiwa kimyakimya, nao wanaishusha hesabu ya wenzao.

Na nikaona kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Hesabu zile zilitokana na hazina ya taarifa za wagonjwa 94,708 waliogunduliwa kati ya 1999 na 2010. Ulaya 46,560. Asia 41,705. Amerika ya Kaskazini 4,660. Australia 1,593. Amerika ya Kusini 190. Nikajumlisha kwa kikokotoo cha dukani, ikatimia. Afrika hakuna hata mmoja. Hakuna mtu aliyechelewa miezi minne kwa vidonge vya TB, na hakuna aliyeuza kiwanja cha Mtwapa ili alipie mionzi. Vile vile wengi wao walitibiwa kabla ya dawa zilizokuja baada ya 2010. Kwa hiyo ile 23 haikuwa ya Ami. Ilikuwa ya watu wa mbali, wa zamani kidogo, wenye hospitali karibu. Haikunifanya niidharau. Ilinifanya niache kuitumia kama kalenda.

Nilimweleza Ami hesabu hizo kwa sababu aliniuliza, na sikuwa na ujasiri wa kumdanganya. Alisikiliza akitafuna tambuu. Akanong'ona: "Hao ishirini na tatu, walikuwa wakila nini?"

Aliishi miaka miwili na miezi mitatu tangu ile sindano. Alifariki Julai 2024.

Matibabu nitayapita haraka, maana kila mgonjwa ana yake. Upasuaji uliwekwa kando, kwa kuwa tezi zenye ugonjwa zilikuwa vituo zaidi ya kimoja na mshipa wa sauti ulishabanwa. Akapewa kemo pamoja na mionzi, siku tano kwa wiki, wiki sita, mara thelathini, jumla ya gray 60, kama kinavyoitwa kipimo cha mionzi. NHIF, bima ya afya ya taifa wakati huo kabla ya SHA kuishika nafasi yake Oktoba 2024, ililipa sehemu. Nyingine tulichangishana, na kile kiwanja kikaenda. Kilichomtesa zaidi ni kumeza. Njia ya chakula inapita nyuma tu ya kituo cha 7, na mionzi inayolenga tezi hiyo haina namna ya kukwepa koo la chakula. Kuanzia wiki ya nne alikuwa akimeza mate kama mtu anayemeza misumari. Tulimpa uji mwepesi uliopoa na maji ya dafu. Madafu ya Nairobi ni ghali na yamechoka, naye alihakikisha kila muuzaji analijua hilo.

Baada ya mionzi daktari alitutajia dawa ya kinga, durvalumab, inayotolewa kwa mwaka mmoja kwa watu wa hatua yake. Katika utafiti wake mkubwa, baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 42.9 ya walioipata, dhidi ya 33.4 ya wasioipata. Aliitaja kwa uaminifu, na bei yake pia kwa uaminifu. Tuliangaliana, tukashukuru, tukarudi Mombasa. Kuna lawama nyingi nilizokwisha kuziacha, hii sijaiacha, ila sijui niimwagie nani.

Sauti haikurudi. Uvimbe ulisinyaa, tezi zikasinyaa, lakini mshipa ule ulikuwa umeshakufa. Kijana mmoja wa madrasa akachukua adhana, na Ami akawa anamsahihisha baadaye kwa mnong'ono, hasa pale anapoivuta "falaah" kupita kiasi.

Toleo la tisa la upangaji wa hatua lilianza kutumika Januari 2025, yeye ameshatuacha. Limeigawa N2 sehemu mbili: N2a, kituo kimoja cha katikati ya kifua, N2b, vituo zaidi ya kimoja. Nilipolisoma nilihesabu kwa vidole bila kukusudia. Cha 5, cha 7. Angekuwa N2b. Wamegundua kwamba wenye kituo kimoja huishi zaidi ya wenye viwili au zaidi, jambo ambalo ukishaiona ile bahasha ni rahisi kuliamini.

Dukani siku hizi bado sisomi karatasi za watu. Ila akija mtu na ripoti ya kifua akaniuliza mwenyewe, kama wanavyouliza wakiona mashine zimetulia, "Dada, hebu hapa pameandikwa nini?", simwambii pameandikwa nini, mimi si daktari. Namwambia akamwulize daktari wake maswali mawili: tezi zipi, na zimechomwa sindano au zimeonekana tu? Wengine huyaandika kiganjani. Mama mmoja alirudi baada ya mwezi kuniletea bakuli la kaimati, wala sikumuuliza majibu yalikuwaje.

Idd el-Hajj ya 2023 Ami alikuwa na miezi kumi na moja tangu mionzi. Skeni mbili zilikuwa zimetoka shwari, alikuwa ameongezeka kilo nne, na alinunua kanzu mpya ya rangi ya maziwa yenye kola ndogo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kemo, vifungo vidogo vilimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia. Asubuhi hiyo nilifika mapema. Nje takbira zilikuwa zimeshaanza. Nikafunga cha chini, nikafunga cha kati, na nilipokuwa nikiivuta kola niifunge, kidole gumba changu kikagusa kitu juu ya mtulinga wake wa kushoto. Kigumu, hakisogei, kama kokwa ya tende chini ya ngozi.

Sikusema kitu. Kidole changu kilibaki pale. Huu ulikuwa mtoki wa kushikika, hauhitaji skeni wala ultrasaundi.

Ami akanishika kifundo cha mkono. "Niliuona tangu Ramadhani," akanong'ona.

"Ami, mbona hukusema?"

"Leo ni Idd, mwanangu. Funga kifungo."

Nikakifunga, nikamvisha kofia, tukatoka. Jumatatu nikapiga simu Nairobi.